Jini wa Kitaliano

Shehe alikuwa aje Jumamosi baada ya alasiri kumsomea binti yangu Qurani. Tangu mimi na babake tuachane, nikamhamisha nyumba na shule kutoka Rayners Lane kuja Hayes, huku huku London, mtoto alikuwa hasemi nami. Akirudi shule hupita sebuleni kama mpangaji, kisha huubamiza mlango wa chumba chake. Nilikuwa nimeshamkemea, nimembembeleza, nimemnyang'anya simu. Mwishowe nikasema hii si bure, mtoto ana jini.

Siku yenyewe mvua haikukatika. Kwenye televisheni palikuwa na filamu ya zamani ya kutisha, ya Kitaliano, ambayo nadhani hata Waitaliano wameisahau. Sauti zilikuwa za Kiingereza, midomo ikisema mambo yake mengine. Ndani ya jumba la mawe, shetani alikuwa amemwingia mtoto wa kike kupitia kioo cha shangazi yake marehemu. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, hajui Kiingereza, kwa hiyo hakupungukiwa na kitu.

Binti yangu alitoka kufuata biskuti, akaiona filamu, akakaa ukingoni mwa kochi. Sikuthubutu hata kukohoa.

Mle filamuni kasisi akainua msalaba, akapiga kelele. Mtoto akamwangushia kabati. Kasisi akazidisha kelele.

"Mjinga huyu," mama akasema. "Mbona hamuulizi ataka nini?"

Kwetu pepo hafukuzwi kama mbwa. Huulizwa jina lake, kisha haja yake. Akitaka marashi hupewa, akitaka kilemba hununuliwa. Nikamweleza mama kwamba Italia hawana mtindo huo.

"Ndiyo maana waangushiwa makabati." Akamgeukia mjukuu wake. "Nawe, mke mwenzangu, wataka nini?"

Binti yangu humjibu kila mtu kwa Kiingereza.

"Nataka kurudi shule yangu," akasema, kwa Kiswahili, na machozi yakaanza kumtoka.

Nilimtazama nikaona uchungu ambao sijapata kuuona. Nilikuwa nimeuliza kila mtu kuhusu mtoto huyu, isipokuwa yeye.

Nikaenda jikoni kumpigia shehe simu asije.

"Ametoka mwenyewe?" akauliza.

"Hajatoka. Lakini ametaja haja yake."

"Alhamdulillahi. Ataka marashi?"

"Ataka mabasi mawili kila asubuhi," nikamwambia. "Na atapewa."