Salamu Kwanza, Mhogo Baadaye

Watu husema kisasi hakiponyi. Labda chao. Changu kiliniponya, na nikikikumbuka nalala vizuri.

Wakati ule nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala mjini Kasulu. Jumamosi tulikusanyika watu wachache kwenye chumba cha nyuma, tukitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wakulima kutambua magonjwa ya mihogo na migomba. Ilikuwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuirekebisha na kuigawa bila kumwomba mtu. Mkulima anachagua picha ya jani linalofanana na lake, kisha anasikia sauti ya Kiha ikimweleza la kufanya. Sauti hiyo ilikuwa ya mama yangu, mkulima wa Kumsenga, kule Kibondo.

Mama hakukubali kumwambia mtu kwamba mhogo wake umekufa kabla hajamsalimia. Kila tulipoanza kumrekodi alipiga makofi taratibu, akasema "Mwakeye," akauliza nyumba imeamkaje, watoto je, ng'ombe je, ndipo akafika kwenye ugonjwa wa batobato. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa kompyuta aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, alikuwa akitazama saa.

Kilichotuharibia ni mjadala wa Katiba. Nchi nzima ilibishana Muungano uwe na serikali mbili au tatu, nasi tukabishana huku jenereta ikinguruma nje. Mimi nilisema tatu. Tena nilisema wakati wa chai, andazi mkononi. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti akasimama.

"Jumuiya lazima iwe na msimamo," akasema. "Anayetaka kuivunja nchi hawezi kujenga pamoja nasi."

"Mwalimu, kwani hapa tunajenga nchi au tunatibu mihogo?"

"Dada, usigeuze maneno."

Wakanyoosha mikono, wakanifukuza mimi na wenzangu wawili tuliosema tatu. Walinifukuza wakiwa wamekalia viti vyangu. Kisha ikabidi watoke wao, kwa sababu chumba kilikuwa changu, na mwenyekiti alisahau hata kumalizia chai yake. Niliimwaga mlangoni akiwa bado anaonekana.

Hayo ningeyameza. Lakini baada ya wiki kadhaa Mama akanipigia.

"Mwanangu, sauti yangu wameipeleka wapi? Jirani kafungua simu, kuna mwanamume anamfokea."

Nikaifungua ya kwangu. Mwenyekiti alikuwa amemfuta Mama na kuweka sauti yake mwenyewe, kwa Kiha chake cha kuazima: jani lina ugonjwa, ng'oa, choma. Mama hakuwa na serikali mbili wala tatu. Alikuwa na shamba. Nikaapa kwamba yule mtu nitamwonyesha.

Programu huria ina utamu wake: unaweza kufukuzwa kwenye kundi, lakini kazi huwezi kunyang'anywa. Nilichukua nakala nzima, nikafunga duka, nikahamia Kibondo na wale wenzangu wawili, tukamrudisha Mama na makofi yake. Programu yetu ikasambaa kwa kurushiana, simu hadi simu, ikafika Buhigwe na vijiji vya karibu na Kabanga. Ya mwenyekiti wakulima waliizima. Walisema huyu bwana anatangaza msiba bila kubisha hodi. Kila nilipoletewa maneno hayo niliomba nirudiwe.

Mwaka uliofuata akapiga simu mwenyewe. Kundi lake lilikuwa limesambaratika, ila alikuwa na picha za mnyauko wa migomba ambazo sisi hatukuwa nazo. Aliomba kujiunga.

"Hatumtaki," wenzangu wakasema. "Mkuki kwa nguruwe. Leo auonje."

Na mimi nilitaka auonje, Mungu anajua. Kilichonizuia si wema. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima kwa utamu wa kufukuzwa: kila mtu ananionea huruma, kila kosa ni la yule aliyenifungia mlango. Nikajiuliza kwa nini nimpe adui yangu zawadi kama hiyo. Tukimkataa kwa ajili ya serikali zake mbili, atazunguka Kasulu nzima akijiita mwonewa, na safari hii atakuwa anasema kweli.

Nikamwambia aje. Sharti ni lile lile la kila mmoja wetu: anayeleta picha anaieleza kwa sauti yake, na anayepitisha kazi ni Mama, nyumbani kwake.

Alifika Kumsenga kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipotaka kufungua kompyuta Mama akaufunika mfuniko kwa kiganja. Salamu zilikuwa hazijaisha. Akamuuliza habari za mke, watoto, wazazi, mvua za kwao. Mwalimu akajibu yote. Kisha Mama akatazama zile picha kwa makini, akasema ni nzuri, na zilikuwa nzuri kweli.

"Haya, sema."

Akasogeza simu mdomoni. "Mgomba wako una mnyauko," akaanza kwa Kiha.

"Mwanangu, mwenye mgomba hujamsalimia. Rudia."

Akanigeukia mimi. Nilikuwa namenya mihogo, na niliendelea kumenya. Hakuna aliyemuuliza serikali mbili wala tatu, wala hakuwa na mlango wa kulalamikia. Akakohoa, akapiga makofi, akasema, "Mwakeye."

"Polepole," Mama akamwambia. "Rudia."