Funda la Aliyechoka

Jumapili yetu ilikuwa na chupa moja ya bia. Moja tu, ile kubwa, na glasi mbili nene tulizopewa na shangazi yangu siku ya harusi, zenye mstari wa dhahabu karibu na mdomo. Tukitoka misa, mume wangu na mimi tulikuwa tunakaa kibarazani kwetu Gahanga, pembeni mwa jiji, tunatazama nyumba mpya zinavyozidi kuota kwenye yale yaliyokuwa mashamba ya mihogo, tunawasema wenye nazo, na tunakunywa.

Hata moto na baridi yake ilikuwa ni mapatano. Mume wangu, kama wazee wengi wa hapa, anataka bia ambayo haijaona friji, anasema ya baridi inamkwaruza koo. Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na bia isiyo baridi kwangu ni dawa ya minyoo. Basi asubuhi kabla ya misa nilikuwa naitia chupa kwenye beseni la maji, na tukirudi tunaikuta haiko huku wala kule. Hakuna aliyeipenda hivyo, lakini tuliizoea wote wawili.

Chupa hapa kwetu haifunguliwi jikoni. Inaletwa na kizibo chake na kufunguliwa mbele ya mnywaji, ajionee kwamba hakuna mkono uliopita katikati. Tulifuata hivyo hata mtu na mkewe. Yeye alifungua, mimi nikamimina, kwa sababu yeye akimimina unakunywa povu. Nilijaza glasi yake kwanza mpaka kwenye mstari, kisha yangu mpaka kwenye mstari, na chini ya chupa kila mara kilibaki kidogo, mafunda mawili hivi. Hicho kidogo tulikiita funda la aliyechoka.

Nilikuwa naishika chupa nikimwangalia, nauliza, "Wiki hii ni nani?" Hapo kesi inaanza. Yeye anafanya kazi ya mambo ya ardhi, kwa hiyo alileta ndugu waliotaka kupigana kwa sababu ya mpaka, na bosi anayetaka ripoti Ijumaa jioni. Mimi nauza vitenge, basi nilileta mteja aliyekunjua vitambaa vyote, akavishika kimoja kimoja, halafu akasema anakwenda kumuuliza dada yake. Tulitetea kesi zetu kama mawakili, tunacheka, tunakatizana, mpaka mmoja anakubali kushindwa na mwingine anapewa funda lake. Wiki niliyotoka kumzika mama yangu hakutetea kesi yoyote. Alinipa funda, akaongeza na nusu ya glasi yake, akakaa karibu yangu mpaka giza likaingia. Mimi ndoa yangu niliijua hapo kibarazani, sikuijua mahali pengine.

Sasa, bia ikaja ikakonda.

Nilikwenda butike ya jirani na chupa tupu mkononi kama kawaida, nikapewa iliyojaa. Rangi ile ile, karatasi ile ile, urefu karibu ule ule. Ila mabega yalikuwa yameshuka, kiuno kimeingia ndani, na nilipopitisha kidole chini nikakuta kitako kimesukumwa juu. Kwenye karatasi waliandika kwamba ni sura mpya, ladha ile ile. Nikamuuliza binti anayeuza, "Na bei?"

"Bei iko ile ile, mama."

"Ila bia iko kidogo."

"Mama, mimi nauzaga tu," akasema, na kweli, yeye kosa lake lilikuwa nini?

Nilikasirika, sikatai. Sabuni ya kufulia ilikuwa imeshakonda, biskuti zilishakuwa nyepesi kama karatasi, mkate ulikuwa umejaa hewa. Lakini hao wengine hawakuwahi kukaa na mimi kibarazani. Bia ile nilikuwa nayo miaka yote, nikiisifu mbele ya wageni, nikigombana na wanaokunywa nyingine. Wangepandisha bei ningelalamika, ningelipa, yangeisha. Walichofanya ni kunipunja huku wananichekea, wakidhani sina macho. Mtu akitaka kukupunja kwa adabu, hivyo ndivyo anavyofanya.

Jumapili ile alifungua, nikamimina. Yake mpaka kwenye mstari. Yangu ilikwama chini ya mstari, karibu vidole viwili, na chupa ikawa imekwisha. Funda la aliyechoka halikuwepo. Niliitikisa chupa kidogo, kwa makusudi, ili asikie ukavu wake. Alikuwa anasoma simu. Akainua glasi yake, akasema, "Haya, afya," akanywa.

Nikasema moyoni, hajaona leo, ataona wiki ijayo. Glasi yangu ilikuwa mezani, mbele ya macho yake, pungufu kama ndoo ya mtoto. Jumapili iliyofuata nikaisogeza karibu na yake kabisa, mdomo kwa mdomo. Akaisogeza yangu kidogo ili apate pa kuweka simu.

Mvua za masika zikaja zikapita. Kila Jumapili nilimjazia yeye, pungufu nikachukua mimi. Sikupanga iwe hivyo, mkono ulianza kwake tu kama ulivyozoea. Lakini baadaye nikawa nangoja, na kungoja kukawa ndiyo shughuli yangu ya Jumapili. Sikungoja bia, Mungu anajua, bia ningejinunulia. Nilikuwa nangoja aulize funda limekwenda wapi. Kwa sababu pamoja na funda lilipotea na lile swali la wiki hii ni nani, na wiki zangu zikawa zinaanza na kuisha bila mtu wa kusikia zilikuwaje. Kipindi hicho mwenye kibanda changu cha vitenge alikuwa ananitoa ampe mpwa wake, nikawa silali vizuri. Ilikuwa kesi nzuri sana. Ningeshinda.

Nilijiambia nimwambie waziwazi. Mdomo ulikataa. Kitu ambacho mtu alikuwa anakupa mwenyewe, ukishamkumbusha akupe, unapokea nini?

Kiangazi kikaingia. Jumamosi moja, ile ya mwisho wa mwezi tunapotoka wote kufanya umuganda, tulifyeka mtaro wa barabara pamoja na majirani, halafu wanawake tukarudi nyumbani na wanaume wakaenda kwenye baa kula mishikaki ya mbuzi. Niko jikoni nachambua maharage, nikasikia geti linabamizwa. Mume wangu aliingia na chupa mbili tupu, moja kila mkono, ya zamani na mpya. Inaelekea mwenye baa alikuwa na moja ya zamani stoo, wakazisimamisha pamoja mezani, na baa nzima ikalipuka.

"Mukecuru! Kuja uone!" Ndivyo anavyoniita, mukecuru, bibi kizee wake, na siku nyingine zote napenda. Akaziweka mbele yangu. "Ona! Ona mabega! Hawa watu ni wezi! Miezi yote hii wananiibaga na mimi niko nalipa bei ya chupa nzima!"

"Wewe?" nikamuuliza.

"Mimi! Mana yanjye, Mungu wangu, kila Jumapili! Nakunywaga nusu bia kama mjinga!"

Alikuwa amekasirika kweli, mshipa wa shingo umesimama. Alisema watapiga simu kwa kampuni, wataandika, wataacha kuinunua mtaa mzima. Alisema kinachomuuma si bia, ni kudharauliwa, kwamba mtu anakukata kidogo kidogo akijua hutaangalia. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyabeba tangu kabla ya mvua.

Nikanawa mikono. Nikaleta glasi zetu mbili, nikaleta chupa ya kesho yake, nikamwekea mbele. "Muzehe, fungua." Akafungua, hajui naelekea wapi. Nikamimina kama ninavyomimina siku zote, yake kwanza, mpaka kwenye mstari wa dhahabu. Nikaisogeza kwake.

"Hii ni yako. Nionyeshe walipokuibia."

Akaitazama.

Nikamimina yangu. Ikakwama vidole viwili chini, chupa ikakauka. Nikaisogeza karibu na yake. "Na hii ni yangu. Wewe hawajakuibia hata funda moja. Mimi ndiye nimekuwa nakunywa huo wizi, hapa, mbele yako, kila Jumapili."

Nilimwona akiangalia mstari mmoja, akaangalia mwingine, kama yuko kazini anapima mpaka wa watu. Nilidhani sasa atauliza lile funda limekwenda wapi. Akasema, "Sasa kwa nini haukusema?"

Swali hilo liliniuma kuliko miezi yote ile. Kumbe kosa lilikuwa langu. Kampuni ilikuwa mwizi kwa sababu haikumwambia, na mimi pia nilikuwa na hatia kwa sababu sikumwambia, na yeye aliyekaa mbele ya glasi ile hakuwa na kosa lolote.

"Na funda la aliyechoka?" nikamuuliza. "Uliliona lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, naweza kuapa. "Ile? Si tuliachaga?" akasema. "Nilijua wewe ndiye umeichoka."

Nilirudi kwenye maharage yangu. Bia ile aliinywa peke yake amesimama, glasi zote mbili, ili isiharibike.

Nisimseme vibaya kupita kiasi. Si mtu mbaya, na lile jambo lilimkaa. Kesho yake baada ya misa aliniambia nitangulie nyumbani, yeye akapitia butike. Alirudi na mfuko, akauweka juu ya meza ya kibarazani, na uso wake ulikuwa unang'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akatoa chupa mbili. Moja ilikuwa imetoka kwenye friji, inatoa jasho. Nyingine ilitoka rafuni.

"Basi, tumemaliza hii matata," akasema. "Ya baridi yako, ya moto yangu. Kila mtu na chupa yake, hakuna wa kupunjwa."

Alifungua yangu mbele yangu kwa adabu zote. Akafungua yake. Kila mtu akajimiminia. Beseni langu lilibaki limesimama ukutani, kavu. Niliinywa glasi yangu, imejaa mpaka kwenye mstari kwa mara ya kwanza tangu kabla ya mvua, na baridi kama ninavyopenda, na wala sikuweza kumlaumu kwa lolote. Alikuwa anasoma simu. Povu lake lilikuwa limemwagikia mezani.

Mimi si mnywaji wa chupa nzima. Glasi ilipokwisha, chupa yangu ilikuwa bado na bia. Aliiona hiyo mara moja.

"Humalizi?"

Nikaishika chupa kama zamani, nikamwangalia usoni. "Hii ni ya aliyechoka," nikamwambia, nikangoja.

Akacheka, akainua glasi yake, akainyoosha kwangu.

"Basi lete," akasema. "Wiki hii wameniua kule ofisini."

Nikammiminia.