Mkunazi wa Jirani

Hebu piga picha ya ofisi ya kata, Temeke. Kijana aliyehamia mtaani juzi anaweka tawi la miiba mbele ya karani.

"Gugu hili la jirani linawachoma wanangu miguu. Naomba lifyekwe."

Bibi mwenye mti, aliyeitwa kujibu, akaligeuza jani taratibu.

"Tazama, mwanangu. Mishipa mitatu, na chini jani ni jeupe. Mwiba mmoja umenyooka, mwenzake umepinda. Si gugu, ni mkunazi."

"Hata ukiwa mkunazi, bibi, unachoma."

"Unachoma, ndiyo. Lakini mtaani akifa Mwislamu, majani ya kumwoshea yanachumwa kwangu. Ukifyekwa, wafiwa waende wapi?"

Karani akaweka kalamu chini. Kijana akainama.

"Samahani, bibi. Kwetu bara sikuujua."

Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa kokwa tatu za kunazi.

"Loweka siku mbili, kisha panda mbali na mlango. Matawi ya njiani nitayakata mwenyewe."

Kijana alikuja kuondoa mkunazi mmoja, akarudi na mitatu mfukoni. Nawe, msomaji, nakuomba ukumbuke hili tu: kabla hujashika panga, geuza jani.