Mama Sema Alipoacha Kuuliza

Jina lake la kuzaliwa alilijua mhasibu wa kituo cha mafuta, na hata huyo ilibidi afungue faili. Wengine wote walimwita Mama Sema, kwa kuwa hakunyanyua bomba mpaka dereva atamke kwa kinywa chake anataka mafuta gani. Kumwonyesha pampu kwa kidole hakukusaidia, wala kumwambia "kama kawaida."

"Kawaida ndiyo nini?" angekuuliza, mkono kiunoni. "Sema."

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili pale pampu namba moja. Wapo waliomwona mkaidi, wapo waliomwona ana gubu, lakini hakuna aliyewahi kurudi kwake gari likivutwa kwa kamba.

Kwa magari ya turbo ukali wake ulizidi. Mtu akitoka barabara kuu kwa kasi, alimpungia mkono akae kwanza pembeni, penye mashine ya upepo, injini ikinguruma taratibu dakika moja au mbili, ndipo asogee kwenye pampu na kuzima injini. Turbo ni kijifeni kinachozungushwa na moshi wa moto, alisema, na oili ya injini ndiyo inayokilainisha. Ukizima ghafla, oili inasimama mle ndani na kuungua. "Wewe ukimaliza mbio unaanguka palepale ukalala?" Watu walinung'unika, wakasubiri. Mwenye turbo ya petroli alitakiwa afungue kijimlango cha tangi na kusoma namba ya oktani iliyoandikwa nyuma yake, kwani hewa ya ndani ya injini yake imeshindiliwa, na petroli dhaifu huwaka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga. "Usimuulize shemeji yako," alisema. "Kiulize kifuniko." Na lori la mafuta likiwa linashusha, hakumjazia mtu yeyote, hata angekuwa bosi wa kituo, mpaka uchafu uliotibuka tangini utulie chini.

Basi waliosema mganga hajigangi hawakukosea.

Binti yake wa pekee alikuwa mpima ardhi. Alijibana miaka mitatu akanunua gari dogo jeupe lililokwisha kutumika, lenye neno TURBO nyuma kwa herufi nyekundu, na siku ya kwanza ya kuliendesha alilipeleka moja kwa moja kwa mama yake. Vyombo vyake vya kupimia alikuwa amevifunga vizuri kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa njiani kwenda kwenye kazi yake ya kwanza kubwa, kupima eneo la shule mpya. Mama Sema alipoona ni nani aliyekaa kwenye usukani, moyo ulimjaa mpaka ukamwagika. Alimuuliza kama amekula. Alimuuliza kama viatu vile ndivyo anavyokwenda navyo porini. Alimuuliza kila kitu isipokuwa kimoja, maana mtu na mwanawe, cha kuulizana nini? Gari lilikuwa dogo, na magari madogo aliyoyajaza maishani mwake karibu yote yalikuwa ya petroli, hivyo mkono ukaenda wenyewe.

Lilikuwa la dizeli. Na mdomo wa bomba la dizeli ni mnene, hauingii kirahisi kwenye tundu la petroli. Ila wa petroli ni mwembamba, unaingia kokote, wala haukupi onyo.

Gari lilipanda kilima kilicho mbele ya kituo, likagonga mara tatu, mara nne, likazimika karibu kabisa na kileleni. Mama Sema aliliona tangu pale aliposimama, na kabla binti hajafungua mlango, alikuwa ameshajua. Dizeli ina ulaini wake na petroli huuosha, kwa hiyo pampu ya ndani ilijisaga yenyewe, na unga wa chuma ukafika mpaka kwenye nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Gari lilikaa gereji wiki saba. Kazi ya shule akapewa mpimaji mwingine.

Binti hakupayuka. "Si kitu, Mama," alisema, na gari lilipopona akawa anajaza mafuta kituo cha ng'ambo ya kilima. Jumapili alikuja nyumbani kama zamani, wakapika, wakacheka, gari likiwa limeegeshwa nje na hakuna anayelitaja. Lakini kila asubuhi lilipita mbele ya pampu namba moja bila hata kupunguza mwendo. Uongozi ulimpa Mama Sema barua ya onyo, akaitia sahihi, akaisahau. Lile la kupitwa ndilo lililomla. Alitaka jambo moja tu katika dunia hii pana, kwamba gari lile likate kona liingie kwake, na mwaka ukaisha halijakata.

Pampu namba mbili ilikuwa na mwenzake, mzee waliyemwita Kidevu kwa sababu kidevu chake kilifika kazini kabla yake mwenyewe.

"Limepita," alisema Kidevu asubuhi moja.

"Nina macho."

"Hivi, dada, siku ile ulimwambiaje?"

"Nilimwambia pole. Nimempa pole mpaka zimeniishia."

Kidevu alikikuna kile kidevu chake taratibu. "Pole hata mimi nilimpa. Yule muuza magazeti naye alimpa. Sisi tulikuwa watazamaji. Wewe ndiye uliyeshika bomba."

"Angalia wateja wako."

"Naangalia. Ila wewe unayewasemesha watu wote, lako hujalisema."

Mama Sema alimnunia mpaka jioni. Alikasirika hasa, kwa sababu alitafuta kosa katika maneno yale akalikosa.

Jumapili ile walikuwa jikoni, mama akiosha vyombo na binti akikausha. Mama Sema hakumtazama, aliyaambia mapovu.

"Siku ile sikukuuliza. Nilikuona wewe, nikadhani najua kila kitu. Nilikukosea, mwanangu. Kazi yako ilipotea kwa mkono wangu. Nisamehe."

Binti alimaliza kukausha sahani aliyoishika. Kisha akaiweka kabatini.

"Maji yamepoa, Mama. Nikuchemshie mengine?"

Akachemsha. Wakamaliza vyombo wakizungumza habari za paa linalovuja, na gari jeupe likaondoka. Mama Sema alilala akijua amesema, na akijua pia kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu lilipita. Jumanne lilipita. Jumatano, mchana, lilishuka kilima, likawasha taa ya kukatia kona na kuingia.

Halikuja kwenye pampu. Lilikwenda pembeni, penye mashine ya upepo, likasimama pale likinguruma taratibu. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili. Kisha likajongea na kujipanga kwenye foleni ya namba moja, nyuma ya magari matatu, ilhali namba mbili ilikuwa wazi na Kidevu amesimama hapo akitazama mawingu, mikono nyuma. Siku zote huwaita wateja kwa sauti ya mnadani. Siku hiyo hata kikohozi hakukitoa.

Zamu ikafika. Injini ikazimwa, kioo kikashuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akasogea dirishani. "Mafuta gani?"

"Dizeli. Ile safi, isiyo na salfa nyingi."

"Sema tena."

"Dizeli, Mama."

Mama Sema alifungua kijimlango mwenyewe, akasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kifuniko. Akasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye bomba. Ndipo akajaza, na bomba lilipojizima lenyewe mara ya kwanza hakuongeza hata tone. Alizungusha kifuniko mpaka kikalia, akapangusa ukingo kwa kitambaa, na hapo hakuwa tena na cha kupangusa.

"Nimekusamehe," alisema binti. "Jumapili ulimi ulikuwa mzito. Halafu nikaona bora nije kukuambia hapahapa."

Mama Sema aliitikia kwa kichwa. Gari likaondoka, likakata kona, likaanza kupanda. Alisimama akilisikiliza kwa mwili mzima. Lilifika pale lilipozimika mwaka jana, likapapita, likavuka kileleni laini kabisa, likapotea upande wa pili.

Nyuma yake mteja aliyefuata, mwanamume mwenye gari dogo la kijivu, alikuwa ameshashusha kioo.

"Petroli, Mama," alisema, hata kabla ya kuulizwa.

Mkono wa Mama Sema ulikuwa tayari umeshika bomba. Aliliachia, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Rudia, baba," alisema. "Leo nina furaha, na furaha ilishaniponza."