Spika Zilizokosa Kayamba

Kabla sijawacheka wauza spika, nitaje kwanza cheo nilichokuwa nacho, maana bila cheo hicho nisingepata kiburi cha kuwacheka. Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, karibu na mtaa wa Jamhuri, kwa miaka kumi na saba. Siku za kazi nilikuwa karani katika ofisi ya serikali katikati ya jiji, mtu wa mihuri na mafaili ambaye hakuna aliyemsalimia mara mbili. Jumamosi alasiri nilikuwa sikio. Watu walisema naweza kumtambua mtu mmoja aliyetoka nje ya sauti kati ya waimbaji arobaini, na nikimtazama tu anaanza kutokwa na jasho. Sikuwakanusha. Sikio hilo ndilo lililokuwa heshima yangu yote. Mtu akiniondolea hilo, ninabaki na mihuri.

Mwaka huo kwaya yetu ilirekodi CD yake ya kwanza. Wimbo niliojivunia zaidi ulikuwa na kayamba mwanzo hadi mwisho. Niliiweka mimi mwenyewe, ikapigwa na mama mmoja wa alto, nami niliwafundisha waimbaji wote kanuni moja: mkipotea, fuateni kayamba, kayamba ndiyo saa ya wimbo. Niliporudi nyumbani na CD na kuisikiliza kwenye redio yetu ya zamani, nilimsikia mtu mmoja wa besi akitangulia wenzake. Nilimjua mara moja. Alikuwa mzee aliyestaafu kutoka reli, mwenye miaka thelathini katika kwaya ile, aliyeketi siku zote ukingoni mwa benchi, karibu na kayamba.

Jumamosi iliyofuata nilimsimamisha mbele ya wote nikamwambia, "Mzee, wewe umestaafu juzi, lakini masikio yako yalistaafu kitambo."

Kwaya ilicheka. Mzee alifunga kitabu chake cha nyimbo, akakiweka juu ya benchi polepole, akatoka. Mzaha ule niliupenda sana. Niliurudia hata ofisini, na kwa mara ya kwanza watu wa ofisi wakanisalimia mara mbili.

Sasa tuje kwenye spika. Ilikuwa miaka ile DVD zilipoanza kuuzwa kila kona, na kila mwenye mshahara akataka kugeuza sebule yake kuwa sinema. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na nyumba ya kupanga Westlands, na alitualika tukaone alichokiita homu thieta. Kilikuwa visanduku vitano vidogo vilivyotundikwa ukutani na kimoja kikubwa cha besi chini ya meza. Katika filamu aliyotuwekea, ndege ilipita nyuma ya kochi letu, na mke wangu akainamisha kichwa isimgonge. Shemeji alicheka kwa raha ya mtu aliyekwisha kushinda. Tukirudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba visanduku vile ni kelele tu, havina sauti, na kwamba mtu mwenye sikio hununua spika za kusimama, zile ndefu zinazofika kiunoni. Hakunijibu. Nilichukua kimya chake kuwa ni kukubali, jambo ambalo waume wengi hufanya.

Kwetu mtu hanunui kitu kikubwa peke yake. Huenda na ujumbe, kama anaenda kuposa. Ujumbe wangu ulikuwa mke wangu, aliyebeba CD ya kwaya ndani ya mkoba ikiwa imefungwa kwa leso, na shemeji, ambaye tulimchukua kwa kuwa anajua waya upi unaingia wapi. Mimi nilikuwa msemaji.

Tulianzia barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, ambako kila duka limetoa spika zake hadi mlangoni na kuziwasha zote, duka hili likishindana na lile. Kijana aliyetupokea alikuwa na pete kwenye kidole gumba.

"Niaje mzee, karibu mathe," alisema. "Hapa ni bass tu. Skia hii vile inagonga."

Ilinigonga kweli. Ilinigonga mbavu, ikanigonga tumbo, na mkate niliokula asubuhi ukaanza kutaka kurudi. Nilimwambia azime, aweke CD yetu. Kwaya ikaanza, besi wakaingia vizuri, kisha alto, kisha soprano kwa mbali. Nikangoja kayamba, ambayo redio yetu ya zamani haikuwa na nguvu ya kuitoa.

"Kayamba iko wapi?" nikauliza.

"Si ndio hiyo, mzee."

"Ipi?"

"Hiyo yote ni kayamba, mzee wangu. Inalia tangu mwanzo."

Nilicheka hadi wateja wengine wakageuka. Nilimwambia kijana yule kwamba mimi ndiye niliyeiweka kayamba kwenye wimbo huo, kwa hiyo asinifundishe ilipo, na kwamba spika zake zimetengenezwa kwa watu wanaosikiliza kwa tumbo. Alimtazama shemeji. Shemeji alitazama viatu vyake.

Duka la pili lilikuwa Westlands, ndani ya jengo lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Huko spika hazikai mlangoni. Zina chumba chao chenye zulia ukutani, na muuzaji aliyevaa tai hukuletea kahawa kwanza, kama daktari anayejua habari si nzuri. Alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema spika nzuri haisikiki, kinachosikika ni muziki. Alisema nikifumba macho nitaiona kwaya imesimama mbele yangu, kila mtu mahali pake. Maneno ya aina hii huongeza bei, na nilimwambia hivyo, lakini nilifumba macho.

Nikaiona kwaya. Besi kulia, tena niliweza hata kumwona yule mzee wa reli akitangulia. Mahali pa mama wa kayamba palikuwa wazi.

"Hizi zimemeza kayamba," nikasema.

"Sir, iko clear kabisa," muuzaji akasema. "Upande wa kulia, juu kidogo."

"Mimi naisikia," mke wangu akasema.

"Wewe unasikia zulia," nikamwambia. Nikamgeukia shemeji. "Na wewe?"

Shemeji alikunywa kahawa yake yote kabla ya kujibu. "Kwangu ni kama iko," akasema. "Lakini mwenye sikio ni wewe."

Nilimwelewa kuwa ananisifu.

Mtu wa tatu alikuwa fundi wa Dagoretti Corner, aliyetengeneza masanduku ya spika kwa mbao zilizobaki kwenye makabati. Nilimwendea kwa sababu nilikuwa nimechoka kudanganywa na vitu vya nje. Alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope, na spika zake, niseme ukweli, zilikuwa na umbo la jeneza la mtoto. Aliweka CD yetu, akanitazama nikisikiliza. Nikatikisa kichwa. Akafungua sanduku, akabadilisha ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba, akaweka nyingine mpya. Nikatikisa kichwa tena.

"Mzee," akasema, "shida sio spika."

"Ni nini basi?"

Alimtazama mke wangu. Mke wangu alitazama barabara ya Ngong. Fundi akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Labda ni CD," akasema.

Nairobi ni mji ambao mtu usiyemjua atakupigia kelele ng'ambo ya barabara kwamba zipu yako iko wazi. Atakuambia umenenepa, atakuambia shati lako limefumuka kwapani. Lakini hakuna hata mmoja katika maduka matatu aliyethubutu kumwambia mzee mwenye tai kwamba hasikii. Heshima yetu ndivyo ilivyo. Inakuacha utembee mji mzima ukiwacheka watu wazima.

Mwishowe nilinunua zile za Westlands, si kwa kuwa zilinishawishi, bali kwa kuwa nilitaka shemeji aone zinatoka mtaani kwake. Zilifika Jamhuri juu ya pikapu, na nilimwomba dereva asiharakishe kuzishusha, majirani wasije wakapitwa. Sebule yetu ilikuwa na kochi za watu saba na kabati la vyombo vya wageni, kwa hiyo spika zilisimama zimebanwa kila upande.

Siku iliyofuata niliporudi kutoka kazini nilikuta zimevishwa. Mke wangu alikuwa amezishonea vitambaa vyeupe vya kufuma, sawa na vile vya kochi, televisheni na redio, vikianguka kutoka juu hadi kufunika uso mzima. Juu ya kila moja kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Alisema kitu hakiachwi uchi sebuleni.

Niliweka CD kwenye redio ya zamani, ambayo sasa iliunganishwa na spika hizo. Kayamba haikuwapo. Nilifurahi mno, maana sasa nilikuwa nimepata mshtakiwa. Nilivuta vitambaa vile kwa nguvu hadi ua moja likaanguka, nikahutubu juu ya wanawake wanaoifunika sauti kitambaa na kisha kudai wanaisikia. Mke wangu aliokota ua, akaketi. Nikaanza wimbo upya, spika zikiwa uchi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya moja, sikio karibu kuigusa.

Besi. Alto. Soprano kwa mbali.

"Wametuuzia mbovu," nikasema. "Kesho narudisha."

Mke wangu alizima redio. Aliingia chumbani, ambako vyombo vya kwaya vilihifadhiwa pamoja na majoho, kwa kuwa mimi sikumwamini mtu mwingine navyo. Akarudi.

"Baba, geuka, tazama dirishani," akasema. "Uniambie unachosikia."

Niligeuka. Nje jirani alikuwa akianika nguo. Nilingoja, nikaona upuuzi.

"Anza basi," nikasema.

"Nimeanza tangu ulipogeuka."

Niligeuka. Alikuwa ameshika kayamba kwa mikono miwili, akiitikisa kulia na kushoto, polepole, kama tunavyoipiga kwenye ubeti wa pili. Niliona mikono ikienda. Niliona mbegu zikipita kati ya matete. Alipoongeza nguvu nilisikia kitu, kama mtu anayeburuta ndara chumba cha pili.

Niliogopa. Sikuwahi kuogopa hivyo ndani ya nyumba yangu, mchana, na watu wakianika nguo nje. Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema mwaka mzima, tangu nilipoacha kusikia simu yangu ikilia na kengele ya saa ya mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia Westlands," akasema. "Ukaniambia nasikia zulia. Na wewe ndiwe unayewaambia kwaya kila wiki, sikio la kufa halisikii dawa."

Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, nami nilikuwa nimelitumia neno hilo kwa watu wengine wengi. Usiku sikufikiria masikio yangu. Nilimfikiria mzee wa reli akifunga kitabu chake. Kama sikuisikia kayamba, basi sikuwa na haki ya kusema nani amekwenda nayo na nani ameiacha. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayokufanya ujifunike uso hata gizani.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata mzee nje nikamwomba aje kwangu anywe chai. Alikuja na fimbo. Mke wangu alikuwa amerudisha vitambaa, nami niliviondoa mwenyewe nikavikunja vizuri. Nilimwambia mzee yote, maduka matatu na dirisha. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Hebu weka huo wimbo," akasema.

Nikauweka. Aliinamisha kichwa, fimbo kati ya magoti.

"Kayamba iko?" nikamuuliza.

"Iko," akasema. "Na hapa inakimbia. Yule mama siku hiyo alikuwa na haraka, sijui alikuwa ameacha nini jikoni. Inakimbia, na mimi huyo niko nyuma yake."

"Na mkono wangu je? Wengine wote walifuata mkono."

"Mkono wako siuoni vizuri, Mwalimu. Macho yana ukungu siku nyingi. Lakini wewe ulitufundisha, ukipotea fuata kayamba. Nikafuata."

Nilingoja anicheke. Mzaha ulikuwa tayari, hakuhitaji hata kuutunga, maana ulikuwa wangu, na ungemtoshea mwenye masikio yaliyostaafu bila yeye kujua. Mke wangu naye alingoja, birika mkononi.

Mzee hakucheka. Aliomba wimbo uanze tena. Akasogea kwenye kochi hadi tukagusana mabega, akaimba besi yake yote, na kila kayamba ilipolia alinigonga goti kwa kidole. Mkono wangu niliuinua bila kukusudia, nikaanza kuongoza kama nilivyoongoza siku ile ya kurekodi. Ulipofika ubeti wa pili, kidole chake kilikuwa kimeuacha mkono wangu nyuma.

Nikaushusha mkono, nikafuata kidole.