Mti wa Kumi na Mbili

Uledi wa mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, hakuwa mwongo. Siku aliyojaribu, mvua nayo ikaamua kunyesha.

Miaka yote alichora misitu kwa rangi za maji: miombo ya kwao Nachingwea, magome yake, ukungu wake wa asubuhi. Wanunuzi walidhani anakumbuka. Wapi! Miaka arobaini ya mjini si mchezo, kwao kulishamtoka. Misitu yote aliitoa kwenye mninga mmoja nyuma ya maghorofa ya Upanga. Akishautazama, mkono unakubali. Bila mninga ule alikuwa fundi wa kupaka rangi kuta tu, na alilijua hilo kwa woga.

Juzi mninga ukapigwa X nyekundu. Miti kumi na miwili ikatwe, magari yapate pa kuegeshwa.

Asubuhi ya kukata, Uledi aliwahi na kisanduku chake. Rangi ya mafuta ingeng'aa kama kiatu cha Idi, ingemuumbua. Akakoroga rangi za maji, hudhurungi na nyekundu, na vumbi la gome, nzito kama uji, akaifunika X mpaka mwenyewe akawa anaitafuta. Kisha akatazama juu. Wingu.

Saa tatu akaja Aristides, msimamizi, na karatasi mkononi, pamoja na Zakayo mwenye msumeno wa mashine. Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kwenye mninga, Sitara alikuwa anageuza vitumbua. Kivuli hicho ndicho kilichomsomeshea wanawe watatu.

"Tisa, kumi, kumi na moja," Aristides akahesabu. Manyunyu yakaanza. Uledi akauegemeza mgongo kwenye mninga. Pembeni ya bega lake ukachuruzika mstari mwekundu.

"Mzee, hiyo nini?"

"Mninga huu, bosi. Unatoa damu."

Aristides, mtoto wa mjini, akamgeukia Zakayo. Zakayo alikulia Masasi, alijua mninga hautoi damu, ule utomvu wake mwekundu, mpaka ujeruhiwe. Akavitazama vidole vya mzee, vyote rangi ya gome.

"Ndivyo ulivyo, bosi," akasema. "Unalia wenyewe."

Uledi alitamani kumkumbatia.

"Poa. Ila karatasi inasema kumi na mbili, na mimi sirudi ofisini na pungufu." Aristides akazungusha macho, akanyoosha kidole kwenye mwarobaini. "Tumalizie na huo. Mama, toa jiko."

Sitara akasimama na kijiti chake mkononi. "Huu hauna alama! Mzee Uledi, wewe ndiye unayeijua miti hapa. Waambie basi!"

Njia ya mwongo fupi, na ya Uledi ilikomea kwenye jiko la Sitara. Angeweza kunyamaza. Aliutazama mninga wake kwanza, tusimpambe. Kisha akavuta ncha ya shati lililolowa, akaufuta mninga mara mbili, tatu. X ikatokea.

"Wa kumi na mbili ni huu," akasema. "Niliuficha mimi."

Aristides akasonya. Zakayo akasema, "Nisamehe, mzee," akavuta kamba ya mashine.

Sitara alimshika mkono, lakini Uledi alikataa kugeuka. Msumeno ulipozama, mninga ukatoa damu yake yenyewe, nyingi, wala haikufanana na rangi yoyote kisandukuni mwake.