Bogenvilia Niliyoipanda Kama Muhogo

Bogenvilia haina harufu ya maana. Lakini mimi nikiiona tu, pua yangu hujaa harufu kali ya mihogo iliyochachuka, ile tuliyokuwa tukiianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba yetu karibu na Amagoro, miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi. Mihogo ndiyo iliyotulea. Nikiwa msichana wa miaka minane nilijua kuipanda kuliko nilivyojua kuandika jina langu: unakata shina vipande vifupi, unavilaza shimoni, unafukia, unakwenda zako. Nilijiona fundi, na hakuna aliyenikosoa.

Mwaka huo nyanya yangu, mzaa mama, alifariki huko ng'ambo, upande wa Tororo. Siku hizo tulivuka mpaka kama mtu anayekwenda kuomba moto kwa jirani. Mama alikaa matangani wiki nzima, akarudi na tawi moja refu lenye miiba, limefungwa kwa leso iliyolowa maji. Lilikuwa la bogenvilia iliyotanda mbele ya nyumba ya nyanya tangu mama akiwa msichana. Mjomba alikuwa ameing'oa ili ajenge nyumba ya mabati, na mama aliliokota tawi hilo kwenye rundo la kuchomwa, mengine yote yakiwa yameshakuwa majivu. Alilisimamisha ndani ya ndoo, akasema kesho akitoka sokoni atalipanda mlangoni.

Mimi nikataka kumfurahisha. Alipoondoka tu, nililikatakata kwa panga vipande tisa, nikavilaza mashimoni, nikafukia, nikakanyaga udongo mpaka ukashikana. Miiba ilinichoma nikavumilia, nikingoja sifa. Jioni mama akakuta ndoo tupu.

"Tawi iko wapi?"

"Nimeshapanda, mama. Yote."

Alipofukua kipande cha kwanza alikaa chini pale pale kwenye udongo, akiwa na gomesi, gauni lake zuri la sokoni.

"Hii si muhogo," alisema. Kisha, polepole: "Kwa mama yangu ilikuwa imebaki hii peke yake."

Hakunichapa. Heri angenichapa. Baba, mtu wa Funyula asiyejali maua hata kidogo, alileta makopo matupu ya mafuta ya kupikia, yeye na mama wakavisimamisha vipande vyote tisa, wakibahatisha juu ni wapi na chini ni wapi. Kiangazi kikaingia. Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuchungulia. Kimoja kikakauka, kingine kikaoza, vikaendelea hivyo hivyo. Mama alimwagilia bila kunitazama. Chakula kilinishinda, maana nilijiona nimemuua nyanya mara ya pili.

Kikiwa kimebaki kipande kimoja, asubuhi moja mama aliniita, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Kuja uone." Kwenye kopo kulikuwa na chipukizi jekundu, dogo kama jino la mtoto. Akanishika mkono, akanipa kikombe cha maji. "Utamwagilia wewe. Kidogo tu." Nililia, na sioni haya kusema.

Leo mama hayupo. Bogenvilia, tuliyoihamishia mlangoni, imepita paa, na foleni ya malori yanayokwenda Malaba huifunika vumbi mpaka mvua iioshe. Nyumba yangu ina maji ya mfereji na stima, lakini sina wa kuniita asubuhi nikaone kitu. Juzi mwana wa mjomba, mzee mwenye mvi sasa, alivuka mpaka, kitambulisho mkononi, akasimama mlangoni akitazama maua yale. Kwao halikubaki hata jani. Aliomba tawi, nikamkatia refu kuliko yote, nikalifunga kwa leso yenye maji. Alikuwa ameshafika barabarani nilipomkimbilia, na magoti yangu haya mabovu.

"Ulisimamishe, ndugu yangu," nikamwambia, nikihema. "Si muhogo."